Filamu Zimetufundisha Kuogopana

Wandugu, wayaya na wadogo,

Leo hatuandiki juu ya maji, wala barabara, wala umeme. Tunaandika juu ya kosa letu wenyewe.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja katika kikundi cha katiye. Jina lake hatulitaji, na tunaomba musilitafute. Kijana wa kazi: yeye njo alikuwa anabeba mabango, anaandika ripoti, anapigia wengine simu asubuhi ya kikao ili wasichelewe. Siku moja, katikati ya mazungumzo, simu yake ikafanya "krrr, krrr". Mmoja akacheka: "Ile simu yako banaisikiliza." Kesho yake betri ikapata moto mfukoni. Keshokutwa polisi wakafika mahali pa kikao mbele yetu. Basi, hesabu ikafungwa. Usiku ule, kwenye grupu ya WhatsApp, mtu akaandika: "Huyu ndugu eko na kazi ingine." Mwingine akaweka kipande cha filamu ambamo jasusi anagundua kifaa cha kusikiliza ndani ya simu. Kufika saa tano ya usiku alikuwa ameondolewa. Hakuna aliyemuuliza neno.

Ukweli tuliujua baada ya majuma matatu. Tangazo la kikao tulikuwa tumeliweka sisi wenyewe kwenye ukurasa wazi, na saa, na mahali, na hata picha ya lango. Polisi walilisoma kama mtu yeyote. Betri ilikuwa ya zamani, imevimba. Na ile "krrr"? Spika iliingia maji ya mvua.

Tulipoenda kwao kuomba msamaha, mama yake alitupokea vizuri, akatupa viti. Yeye alitoka, akatuangalia, akasema neno moja: "Mungeniuliza." Halafu akarudi ndani.

Njo maana tunaandika. Tumejiuliza: sisi tunaojiita watu wa ukweli, tulijifunza wapi kumhukumu mtu kwa sababu ya betri? Jibu linatupa haya kidogo. Tulijifunza kwenye filamu.

Sisi wote tumekulia nazo. Kuna waliozionea kwenye chumba cha video cha katiye, jenereta ikipiga kelele nyuma ya ukuta. Kuna wanaozipokea leo kutoka simu hadi simu, juu mega ni bei. Jason Bourne tunamjua kuliko mbunge wetu. Hatusemi muache kuziangalia. Hata sisi hatutaacha. Lakini kijana anayetoka mbele ya kioo anafikiri amesoma usalama, kumbe amesoma mchezo. Na katika inchi yetu, ambamo intaneti ilikatwa wakati wa maandamano ya Januari 2015, ikakatwa tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi kwa karibu majuma matatu, kuchanganya mchezo na usalama kunaweza kumuumiza mtu. Tumeona.

Tuanze na uongo tunaoupenda zaidi.

"Vunja simu kadi, umepotea"

Kila filamu ya upelelezi iko na picha hii. Shujaa anamaliza kuongea, anatoa simu kadi, anaivunja, anaitupa kwenye pipa, anaingia katika umati. Kwisha. Hakuna atakayemuona tena.

Sasa mukumbuke RAM. Mwaka 2020 tulianza kuona uniti zinakatwa, na kila mtu akauliza: makuta yangu inaenda wapi? Inchi nzima ilipiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Ile hasira ilitufundisha jambo moja ambalo tumelisahau haraka: RAM haikuhesabu simu kadi peke yake, ilihesabu chombo chenyewe. Kila telefone iko na nambari yake, inaitwa IMEI. Bonyeza *#06# utaiona. Ukivunja kadi na kuingiza mpya ndani ya chombo kile kile, kampuni ya simu inaona chombo kile kile na kadi mpya. Ni kama mtu anayebadilisha kofia na kudhani uso umebadilika.

Haya, tuseme umebadilisha vyote viwili. Unampigia nani? Mama. Mchumba. Rafiki wawili wa siku zote. Unalala wapi? Pale pale. Mwaka 2013 watafiti walichunguza data za simu za watu milioni 1.5 bila majina. Walikuta kwamba alama 4 tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wote wengine, kwa watu 95 kati ya 100. Hawakusikiliza mazungumzo hata kidogo. Njia ya mtu, nyumbani, kazini, kanisani, sokoni, njo jina lake.

Kuna mfululizo mmoja wa televisheni uliosema ukweli huu vizuri. The Wire, sehemu ya tatu, mwaka 2004. Wauza dawa za kulevya wa Baltimore wanatumia simu za kutupa, kila baada ya muda wanabadilisha zote, na polisi wanachanganyikiwa. Kijana anayetumwa kuzinunua ameambiwa anunue chache katika kila duka, maduka ya mbali mbali. Lakini barabara ni ndefu, na mchumba wake ndani ya gari anamchosha kwa malalamiko. Basi kijana anaanza kununua nyingi mahali pamoja. Polisi wanamfikia kupitia uvivu ule, na mwishoni wao wenyewe njo wanamuuzia simu ambazo zimeshategwa. Teknolojia ilikuwa nzuri. Mtu alichoka.

"Kata haraka, bado hawajakupata"

Munaijua pia. Saa inahesabu sekunde, mtu mwenye spika masikioni anapiga kelele: "Mumuongeleshe, bado kidogo!" Shujaa anakata sekunde moja mbele ya wakati, anaokoka.

Simu ya mkononi haifanyi kazi hivyo. Ili mtu akupigie, rezo lazima ijue uko katika eneo la antena zipi. Inajua hata kama hauongei, mradi simu imewaka na imeshika rezo. Hakuna sekunde ya kuokoka. Kuna wenzetu wanaokata simu haraka haraka, nusu ya ujumbe haijafika, halafu wote wanakosa kikao. Wamejificha kwa nani? Wamejificha kwetu sisi.

"Ukisikilizwa, utajua"

Huu njo uongo uliotuumiza. Katika filamu, sikio la adui lazima lionekane, maana bila hivyo mtazamaji haelewi. Basi kuna taa nyekundu inayowaka, kuna kelele kwenye laini, kuna kifaa kidogo chini ya meza. Katika Enemy of the State, ya 1998, Will Smith anakuta vifaa ndani ya kiatu, ndani ya saa, ndani ya kalamu, mpaka anavua nguo na kukimbia nusu uchi.

Leo mambo ni kinyume. Anayesikiliza kupitia kampuni ya simu hafanyi kelele. Na programu za kupelelea zimeandikwa ili zisionekane. Mukisikia Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israeli, munasikia kitu ambacho katika matoleo yake ya baadaye kinaweza kuingia ndani ya simu bila mwenye simu kubonyeza chochote. Hakuna "krrr". Simu yenye "krrr" mara nyingi ni simu mbovu tu. Na simu ya kimya haithibitishi lolote pia. Basi mtu anayesema "nimejua, simu yake ilifanya kelele" hajajua kitu. Ameogopa tu, na hofu yake ameipa jina la ujuzi.

Pegasus yenyewe iligunduliwa namna gani? Si kwa kuruka juu ya mapaa. Mwaka 2016 Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu katika Falme za Kiarabu, alipokea ujumbe unaomuahidi siri za watu wanaoteswa magerezani, pamoja na kiungo cha kubonyeza. Alitamani kujua, bila shaka. Lakini hakubonyeza. Aliutuma kwa watafiti wa Citizen Lab kule Toronto. Wao wakaufungua kwa uangalifu, wakakuta mtego, na Apple ikalazimika kurekebisha simu zake dunia nzima. Mtu mmoja alisita, akauliza wenye kujua, mamilioni wakapata ulinzi. Ingekuwa filamu, ingeishia pale. Katika maisha, Mansoor alikamatwa 2017, na 2018 akahukumiwa miaka 10. Simu iliokolewa, yeye hakuokolewa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna ujanja wa simu unaoshinda serikali isiyoheshimu sheria. Ujanja unapunguza hatari. Kinachoishinda hatari ni watu wengi wanaojua wewe ni nani, uko wapi, na watakaouliza siku ukikosekana.

"Shujaa eko peke yake"

Mukumbuke The Bourne Ultimatum, ya 2007, pale kituo cha treni cha Waterloo. Mwandishi wa gazeti ametaja neno moja la siri kwenye simu, na mashine zikalinasa. Bourne anamtia simu mpya mfukoni, anamuongoza kati ya kamera: simama, inama, tembea sasa. Mtazamaji anaangalia ufundi wa Bourne. Sisi tunaomba muangalie mwandishi. Anaogopa, anaacha kusikiliza, anatoka mafichoni kabla ya wakati, anapigwa risasi. Bourne anabaki, juu ya kuwa amefundishwa miaka. Mtu wa kawaida anakufa. Na sisi, wandugu, tuko nani katika picha ile? Sisi si Bourne. Wale mashahidi wanaotuletea habari, mama wa soko aliyenyang'anywa bidhaa, mwalimu asiyelipwa, wao pia si Bourne. Ukicheza ushujaa, anayelipa ni wao.

Kitabu cha Cory Doctorow, Little Brother, cha 2008, kimeona jambo hili vizuri, na mwandishi amekiweka bure kwa kila mtu kukipakua. Kijana Marcus wa San Francisco anashikwa baada ya shambulio la bomu, anateswa, anaachiliwa, anaanza kupigana na upelelezi kwa kompyuta. Anajua mengi: hata shuleni anaweka changarawe ndani ya viatu ili kamera zisimtambue kwa mwendo wake. Halafu anavuruga kadi za usafiri za watu ili mashine za serikali zichanganyikiwe. Zinachanganyikiwa kweli. Na wanaosimamishwa na kuhojiwa barabarani ni nani? Watu wasio na habari, pamoja na baba yake mwenyewe, ambaye anarudi nyumbani na hasira. Marcus hashindi kwa changarawe. Mambo yanageuka siku anapowaambia wazazi wake ukweli wote, na wao wanamkutanisha na mwandishi wa habari anayeandika kwa jina lake, gazetini, wazi.

Kitabu kingine kinatugusa karibu zaidi. Mwaka 2006 John le Carré, aliyekuwa mpelelezi wa Uingereza kabla ya kuwa mwandishi, alitoa The Mission Song. Alifika mpaka Bukavu kwa ajili yake. Salvo, mtoto wa padri Mu-Irelandi na mama Mkongomani, ni mkalimani. Kiswahili na lugha za Kivu ziko mdomoni mwake. Wakubwa wa London wanamchukua kutafsiri kikao cha siri kwenye kisiwa, ambamo wageni na wakubwa wa Kivu wanapanga mapinduzi: demokrasia juu ya meza, madini chini yake. Kazi yake ya pili ni kukaa chini ya nyumba, spika masikioni, kusikiliza wajumbe wakati wanafikiri wako peke yao. Siku anaposikia mmoja wao anateswa, roho yake inakataa. Anaiba kanda na madaftari yake.

Na hapo hakosi kifaa. Anakosa kuchagua mtu. Anaupeleka ushahidi kwa mkubwa mmoja anayemheshimu, kwa sababu anasema vizuri na ana cheo. Kumbe yule ni wa upande wa wapangaji. Salvo anaishia kizuizini, uraia amenyang'anywa, anasubiri kufukuzwa. Mara ngapi na sisi tumepeleka ripoti kwa mtu mwenye tai nzuri, bila kujiuliza anakula na nani?

Mtu aliyebomoa nyumba yake

Filamu tunayotaka muione kuliko zote haina risasi za kukimbizana. Inaitwa The Conversation, ya 1974. Gene Hackman, yule yule ambaye baadaye alimsaidia Will Smith, anacheza Harry Caul, fundi mkubwa wa kusikiliza wengine. Ni mtu wa siri: kufuli nyingi mlangoni, hana rafiki, hata mwanamke anayempenda hamuambii kazi yake. Mwishoni anapata simu: na yeye anasikilizwa. Anaanza kutafuta sikio ndani ya nyumba yake. Anafungua taa, anachana karatasi ya ukuta, anavunja sanamu ya Bikira Maria, anang'oa mbao za sakafu. Hakuti kitu. Tunamuacha ameketi kati ya uharibifu, anapiga saksafoni peke yake.

Wandugu, ule usiku wa grupu ya WhatsApp sisi tulikuwa Harry Caul. Tulitafuta sikio, tukang'oa ubao mmoja wa nyumba yetu. Na ubao ule njo tulikuwa tunakanyaga.

Kuna wanaosema: lakini wapelelezi wako kweli kati yetu! Hatukatai. Kikundi chochote cha raia kinaweza kuingiliwa. Lakini mufikiri: mpelelezi akiwa ndani, atafurahi na nini zaidi? Kusikia tunapanga kuzibua mifereji siku ya posho, jambo ambalo tumelitangaza? Au kutuona tunafukuzana usiku kwa sababu ya spika yenye maji? Anayetaka kutuvunja hahitaji kutusikiliza. Inatosha tuamini kwamba anatusikiliza.

Nguvu yetu haijawahi kuwa siri. Katiba, kifungu cha 26, inasema anayeandaa maandamano anaijulisha serikali kwa maandishi. Tunaijulisha. Majina yetu yako chini ya barua. Kifungu cha 31 kinasema kila mtu yuko na haki ya maisha yake ya faragha, na siri ya barua na mawasiliano yake. Hiyo nayo tunaidai mchana, kwa sauti. Kuficha namba ya shahidi si uoga, ni haki yake. Kudai asipelelezwe si kukiri kosa, ni Katiba.

Basi tumekubaliana haya katika vikundi vyetu vyote:

1. Hakuna mtu atakayeitwa mpelelezi kwenye grupu. Mwenye shaka aende kwa watu watatu waliochaguliwa na kikundi, na mtuhumiwa asikilizwe kabla ya neno lolote kutoka. Kelele ya simu si ushahidi.

2. Simu ya kazi iwe na kode ndefu, si 1234, si mwaka wa kuzaliwa. Programu zifanyiwe mise a jour. Ujumbe wenye majina ya mashahidi ufutwe baada ya kazi, na uso wa shahidi usitokee kwenye picha bila ruhusa yake.

3. Kiungo usichokitazamia, hata kikiahidi siri kubwa, usibonyeze. Uliza kwanza.

4. Kabla ya kutuma jambo, ujiulize: likisomwa na mtu mwingine, nani ataumia? Kama ni wewe peke yako, uamue. Kama ni mwingine, lisemwe uso kwa uso, simu zikiwa zimebaki nyumbani.

5. Anayekwenda mahali pa hatari aambie watu wawili, na saa ya kurudi. Namba ya wakili iandikwe kwenye karatasi, maana simu njo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

6. Anayezima simu na kupotea siku tatu "kwa usalama" bila kuaga mtu, hajajilinda. Ametupa kazi ya kumtafuta kwenye vituo vya polisi na hospitali, na mama yake amelia bule.

Hakuna filamu itakayotengenezwa juu ya mambo haya sita. Hayana muziki. Lakini yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye simu ya kawaida, na hayamgeuzi mtu kuwa adui wa jirani yake.

Kwako ndugu yetu tuliyekuondoa: tulikukosea. Tulikukosea mbele ya watu, njo maana tunaomba msamaha mbele ya watu. Ulisema tungekuuliza. Kweli, tungekuuliza. Grupu imekurudishia nafasi, lakini hatukulazimishi kuingia. Mtu aliyeumizwa eko na haki ya kukaa kwake. Ripoti zako tumezitunza kama ulivyoziacha. Na posho ijayo, saa mbili ya asubuhi, tuko kwenye mfereji ule wa nyuma ya soko, na mapauro, na majina yetu, na nyuso zetu wazi. Anayetaka kutusikiliza aje. Pauro ziko nyingi.